Barua ya wazi kwa mnaoshika fungu la mabasi ya shule ya umeme

Kwa:
Mkuu wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA), Washington;
Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa kamati za bajeti;
Wajumbe wa bodi ya elimu ya wilaya yetu ya shule.

YAH: FEDHA ZA MABASI YA SHULE YA UMEME ZILIZOKWAMA, NA MABASI YALIYOKWAMA PAMOJA NAZO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wazazi wa wanafunzi wa shule za umma katika wilaya moja ya kaskazini mwa Marekani, kwenye majimbo ya theluji. Wengi wetu tulihamia hapa kutoka Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi. Watoto wetu wanapanda basi la shule kwa sababu zamu zetu za kazi huanza kabla ya kengele ya kwanza, na si kila nyumba ina gari la pili. Barua hii tumeiandika kwa Kiswahili ili kila mzazi tunayemsemea aisome mwenyewe kabla ya kukubali itolewe kwa niaba yake. Nakala ya Kiingereza mmeshapelekewa.

Hatukukimbilia hadharani. Tulianzia ofisi ya usafiri ya wilaya, tukaambiwa tusubiri Washington. Tukaiandikia ofisi ya mwakilishi wetu, tukajibiwa kwa upole kwamba suala hilo ni la wilaya. Tukasimama kwenye mkutano wa bodi, kila mmoja na dakika zake chache za kuzungumza, tukashukuriwa kwa maoni yetu. Shukrani tunazo nyingi sasa. Majibu ndiyo hatuna.

Tusipotezeane muda: hatuandiki ili kumshawishi mtu yeyote aupende umeme. Kati yetu wamo wanaoona basi la umeme ndilo jawabu, na wamo madereva wa malori wasioiamini betri hata kidogo. Tunachokubaliana wote ni kimoja. Fedha hizi zilitengwa kwa ajili ya safari ya mtoto. Basi zihesabiwe kuwa zimetumika siku mtoto anaposafiri, wala si siku utepe unapokatwa.

Kwa msomaji ambaye hakulifuatilia suala hili, habari yenyewe ni hii. Novemba 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya miundombinu iliyotenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano ya fedha, 2022 hadi 2026, ili wilaya za shule zibadilishe mabasi machakavu. Msimamizi ni EPA. Kufikia katikati ya 2024, karibu dola bilioni 3 zilikuwa zimeahidiwa kwa mabasi zaidi ya 8,000, mengi yakiwa ya umeme. Nchi nzima ina mabasi ya shule takriban 480,000, na karibu yote ni ya dizeli. Basi kubwa la umeme huuzwa kama dola 350,000 au zaidi, mara mbili hadi tatu ya bei ya lile la dizeli. Pigeni hesabu wenyewe: hata kama bilioni 5 zote zingeishia kwenye umeme, zingenunua mabasi kama 14,000, yaani 3 katika kila 100. Anayesema serikali ilitaka kuifuta dizeli kwa mkupuo mmoja anatia chumvi. Anayesema mpango huu ungewasafishia hewa watoto wote anatia chumvi vilevile. Ulikuwa mwanzo tu, na mwanzo ukivurugwa hakuna mbunge atakayethubutu kuomba fungu la pili.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mmefunga mlango bila kutuambia kama tuko ndani au nje

Awamu ya 2024 ilitangazwa kuwa na hadi dola milioni 965. Maombi yakafungwa Januari 2025, na wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa waombaji. Mwezi huohuo, siku aliyorudi madarakani, Rais Donald Trump alitoa amri ya kusimamisha kwanza malipo yanayotokana na sheria ile ya 2021 na ile ya tabianchi ya 2022. Wilaya zilizokwisha kuchaguliwa katika awamu za nyuma, zikaagiza mabasi kwa kuamini maandishi ya serikali, zikajikuta zimeshika ankara bila kujua nani atailipa. Malipo hayo yalifunguliwa baadaye, baada ya mvutano uliofika hadi mahakamani. Lakini kwa walioomba awamu ya 2024, mwaka 2025 ulikwisha wote bila orodha ya waliochaguliwa kutangazwa.

Serikali mpya ina haki ya kubadili sera. Watu hupiga kura ili sera zibadilike. Tunachokataa ni ukimya. Wilaya iliyoambiwa hapana itanunua dizeli mpya, au basi la gesi, au itakarabati lililopo ikijua inafanya nini. Wilaya iliyoachwa bila jibu hainunui chochote, kwa kuwa ikinunua leo huenda ikapoteza ruzuku ya kesho. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mabasi yaliyopaswa kustaafu yameongezewa mwaka, kisha yakaongezewa mwingine. Huko mliko inaonekana hamjaamua lolote. Huku kwetu mmeshaamua, na uamuzi wenu unaunguruma kituoni kila asubuhi.

2. Mnabishana kuhusu injini huku watoto wanavuta moshi

Karibuni Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kituo chetu. Basi linalohudumia njia hii lilitengenezwa kabla ya 2010. Likisimama halizimwi, kwa sababu ya baridi. Likiondoka hutema wingu jeusi usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la pili, na wanaosubiri basi la shule nyingine wamesimama palepale. Mama mmoja kati yetu hulifua koti la mwanawe peke yake, hataki harufu ile ishike nguo nyingine. Watoto wenye pumu wamefundishwa na wazazi wao kurudi nyuma hatua kadhaa hadi gari lipite, na wanafanya hivyo bila kuambiwa, kama wanavyotazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara.

Hatari ya moshi huu si jambo la kubuni. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na sehemu ya moshi huo huingia ndani ya basi lenyewe, hasa mlango unapofunguliwa na kufungwa kituo baada ya kituo.

Kuna utafiti mmoja tungependa muusome kwa makini, hasa ninyi mnaouchukia umeme. Mwaka 2023 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kufuatilia ruzuku za zamani za EPA, za kati ya 2012 na 2017. Wakati ule wilaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo waliopata na waliokosa waliweza kulinganishwa kwa haki. Kwa waliopata, mahudhurio ya wanafunzi yalipanda, na yalipanda zaidi pale mabasi yaliyoondolewa yalipokuwa makongwe kabisa. Tuwe wakweli: mabasi mapya ya ruzuku zile hayakuwa ya umeme. Mengi yalikuwa dizeli iliyo safi zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kuliondoa gari kuukuu barabarani, na anayezuia fungu lote kwa kuwa haipendi betri anakuwa amelizuia na hilo pia.

Kuhusu umeme wenyewe, utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wa 2024 ulikadiria kuwa kulibadilisha basi moja la dizeli kwa la umeme huleta faida ya afya na tabianchi ya takriban dola 84,000 kwa wastani. Mtu wa bajeti atasema kiasi hicho hakifikii tofauti ya bei, na kwa wastani atakuwa sawa. Lakini utafiti huohuo uliona kuwa basi la 2005 likiondolewa katika jiji kubwa, faida inapita dola 200,000. Basi kwa nini foleni isianzie hapo?

3. Mlinunua mabasi mkasahau waya

Wilaya yetu ilipata mabasi machache ya umeme katika awamu ya mwanzo. Tulifurahi. Dereva mmoja alituambia kuwa kwa mara ya kwanza anasikia ugomvi wa kiti cha nyuma kabisa kabla haujafika kwenye ngumi, kwa sababu hakuna injini ya kuufunika.

Sasa nendeni yadi ya mabasi. Nguzo za chaja zipo, zimevikwa maturubai ya bluu yaliyofungwa kwa kamba. Kila nguzo imezungushiwa vyuma vya njano vya kuzuia isigongwe na gari, na vyuma vimeanza kushika kutu kabla chaja haijapitisha umeme. Zinazofanya kazi ni chache kuliko mabasi, kwa hiyo kila usiku kuna basi linalolala bila chaji, na asubuhi yake dizeli ya akiba ndiyo inayotoka.

Hesabu yake haikuhitaji mhandisi. Betri ya basi kubwa hubeba kilowati-saa kama 200. Chaja ya kawaida ya kilowati 19 huijaza kwa saa kumi na moja hivi, maana yake basi lililorudi saa kumi na moja jioni liko tayari alfajiri. Kwa basi moja hakuna tabu. Yakiwa 20 yanachaji kwa pamoja, mnahitaji karibu kilowati 400 katika yadi iliyojengwa kwa ajili ya taa, pampu ya mafuta na kompresa ya gereji. Hapo lazima transfoma mpya, na pengine laini mpya kutoka mtaa wa pili. Mkaguzi Mkuu wa EPA mwenyewe alionya Desemba 2023 kuwa ucheleweshaji wa kampuni za umeme ungeweza kukwamisha mpango huu, kwa kuwa ujenzi wa vituo vya kuchaji unaweza kuchukua hata miaka miwili. Huku ni kununua ng'ombe wa maziwa na kumpeleka nyumbani kabla hujauliza majani yatakatwa wapi.

Na ankara ya umeme ina mtego wake. Mteja mkubwa mara nyingi hatozwi uniti peke yake. Hutozwa pia kwa kilele cha matumizi ya mwezi, yaani pale alipovuta umeme mwingi zaidi kwa wakati mmoja. Mabasi yote yakichomekwa saa moja jioni, kilele kinaruka, na ile akiba tuliyoahidiwa dhidi ya gharama za dizeli inayeyuka. Dawa yake ipo, nayo ni programu ya kompyuta ya kuyachaji kwa zamu usiku kucha. Ingekuwamo kwenye ruzuku tangu siku ya kwanza. Kwetu imeletwa kama nyongeza, na fedha yake inatafutwa kwenye fungu la shule.

4. Mtengenezaji akianguka, mzigo unabebwa na shule

Lion Electric ya Quebec, Kanada, iliyouza mabasi mengi upande huu wa mpaka kwa fedha za ruzuku, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Desemba 2024. Mei 2025 ikanunuliwa na wawekezaji wa Quebec, wakaachana na soko la Marekani na kiwanda cha Joliet, Illinois. Dhamana za mabasi yaliyouzwa Marekani zikafa hivyohivyo. Kuna wilaya, kama Winthrop jimboni Maine, zilizokuwa zikilalamikia hitilafu hata kabla ya hapo na kuyaegesha mabasi yao.

Tazameni jinsi masharti yenu yanavyoibana wilaya ya namna hiyo. Basi lililonunuliwa kwa ruzuku linatakiwa lihudumie wilaya kwa angalau miaka 5. Dizeli kongwe lililobadilishwa linatakiwa liharibiwe kabisa, injini itobolewe na fremu ikatwe, lisirudi barabarani. Kwa lengo la hewa safi, sharti hilo ni sahihi na tunaliunga mkono. Lakini mtengenezaji akitoweka, wilaya inabaki na basi jipya lisilotembea, haiwezi kuliachia, na la zamani halipo tena. Kila upande ulisaini makubaliano. Aliyeachiwa hasara ni yule asiyekuwa na mwanasheria wake.

Wapinzani wa umeme hupenda kuitaja Lion kama ushahidi kwamba wazo zima ni bovu. Hatukubaliani nao. Oakland, California, tangu 2024 wilaya inahudumiwa na mabasi 74 ya umeme ya mkandarasi Zum, na yakiwa yameegeshwa yanaweza kurudisha umeme kwenye gridi. Basi la shule linafaa kwa kazi hiyo kuliko gari lolote: hutembea asubuhi na alasiri, hulala mchana, na likizo ya kiangazi hukaa tu.

Lakini msidhani kumkabidhi mkandarasi ndiyo dawa ya kila kitu. Kaunti ya Montgomery, Maryland, iliingia mkataba mwaka 2021 wa mabasi 326 ya umeme. Mwaka 2024 mkaguzi mkuu wa kaunti aligundua kuwa mabasi yalichelewa, mengine yalikaa bila kufanya kazi, na wilaya haikumbana mkandarasi kama mkataba ulivyoiruhusu. Wakati huo ilitumia zaidi ya dola milioni 14 kununua mabasi ya dizeli. Vipengele vya adhabu vilikuwapo. Hakuna aliyevitumia.

5. Wilaya ndogo haina mtu wa kuandika maombi

Hapa tuwape haki yenu: EPA iliweka kipaumbele kwa wilaya za kipato cha chini, za vijijini na za jamii za wenyeji asilia, na fedha nyingi ziliwafikia. Ila kuomba ni jambo moja, kusimamia ni jingine. Kwetu anayepanga njia za mabasi ndiye huyohuyo anayejibu simu za wazazi, anayetafuta dereva wa dharura na anayejaza fomu za shirikisho. Akiugua, mradi umeugua.

6. Hatujui watoto wetu wanapanda gari gani

Tumeuliza orodha ya mabasi kwa mwaka wa kutengenezwa na aina ya mafuta, njia kwa njia. Hadi leo hatujapewa. Hii si siri ya taifa. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kibati cha kila basi.

Sasa tujibu mapema yale tunayojua mtayasema.

Mtasema dizeli ya siku hizi ni safi. Ni kweli kwamba injini zilizofuata viwango vya 2007 na 2010 zina vichujio na hutoa masizi kidogo sana kuliko za zamani. Basi tununulieni hizo, tutanyamaza. Tena sheria ile ya 2021 haikuwafunga mikono: nusu ya bilioni 5 ni ya mabasi yasiyotoa moshi, na nusu nyingine inaruhusu pia mabasi ya gesi ya propani, gesi asilia na nishati nyingine mbadala. Kiongozi asiyeutaka umeme angeweza kuisukuma nusu hiyo ya pili kwa kasi. Kuzikalia zote mbili si kuipinga betri.

Mtasema umeme nao unatokana na makaa ya mawe. Makaa yalizalisha karibu nusu ya umeme wa Marekani miaka ya 2000. Leo ni chini ya moja ya tano. Na hata pale yanapochomwa, bomba la moshi liko mbali na pua ya mtoto aliyesimama kituoni.

Mtasema baridi inaua betri. Haiiui, inaipunguzia mwendo, na sisi wa majimbo ya theluji tunalijua hilo vizuri kuliko yeyote, kwa kuwa umeme uleule unaozungusha magurudumu ndio unaopasha joto viti. Kwa njia ndefu za vijijini hilo ni tatizo la kweli, na kuwalazimisha watu wa huko si haki. Ndiyo maana mjadala wa New York umekuwa mkali: sheria yao ya 2022 ilipopitishwa ilitaka mabasi mapya yote yanayonunuliwa kuanzia Julai 2027 yawe hayatoi moshi, na kundi zima liwe hivyo kufikia 2035. Wilaya za mashamba zinalia. Lakini njia yetu ya mjini haifiki hata maili 40 kwa siku. Hoja ya mkulima wa mbali isitumike kutunyima sisi.

Mtasema hizi ni fedha za walipa kodi. Nasi tunalipa kodi, tena inakatwa kabla mshahara haujatufikia. Mlipa kodi ameshapoteza fedha katika kila basi lililoegeshwa na kila chaja iliyovikwa turubai, na kusimamisha mpango hakumrudishii hata senti. Kisha msituambie wilaya zijitafutie njia nyingine: unafuu wa kodi wa hadi dola 40,000 kwa gari la kazi la umeme, ambao hata shule ziliweza kuudai, ulifutwa kwa magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025.

Na mtasema suala liko kwenye mapitio. Hilo ndilo limetuchosha kuliko yote. Mapitio yana mwanzo na mwisho. Tupeni tarehe ya mwisho.

Kwa hayo, tunaomba yafuatayo.

Kwa EPA: ndani ya siku 30, kila wilaya iliyoomba awamu ya 2024 ipewe jibu la maandishi, ndiyo au hapana, na sababu. Tangazeni pia kiasi kilichobaki katika zile bilioni 5, kwa kuwa mwaka wa fedha wa 2026 ndio wa mwisho kati ya ile mitano ya sheria. Wilaya zilizoachwa na watengenezaji waliofilisika zifunguliwe kutoka kwenye sharti la miaka 5, na zisaidiwe kupata vipuri au basi mbadala. Na kuanzia awamu ijayo, msilipe fedha yote siku basi linapofika. Sisi tunapendekeza sehemu moja ya tano ibaki mikononi mwenu, ilipwe kidogo kidogo kwa miaka mitano kadiri basi linavyofanya kazi. Muuzaji anayejiamini hatalikataa hilo.

Kwa Maseneta na Wawakilishi: fungu lijalo litenge fedha za transfoma, laini na mafunzo ya mafundi kabla ya fedha za mabasi. Foleni ianze na mabasi makongwe zaidi, kwa mwaka wa kutengenezwa, mjini na kijijini. Aina ya nishati iamuliwe na urefu wa njia na hali ya hewa, isiamuliwe na chama kilichoshinda uchaguzi.

Kwa bodi yetu ya elimu: wekeni hadharani orodha ya mabasi, njia kwa njia. Tuambieni kampuni ya umeme ilisaini kukamilisha nini na lini, na kama imechelewa, mmeidai nini. Acheni kusubiri Washington kwa yale yasiyohitaji Washington: injini zizimwe mbele ya shule, na basi kongwe kuliko yote liondolewe kwenye njia yenye watoto wadogo wengi. Na itisheni kikao cha wazazi jioni, baada ya zamu, chenye mkalimani.

Tutakuwepo kwenye kikao chenu kijacho cha hadhara. Safari hii tutawasomea namba za mabasi tulizonakili wenyewe vituoni, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila namba tutauliza mwaka wake na siku yake ya kuondoka. Tunaomba mje na majibu.

Wenu katika ujenzi wa elimu,

Wazazi wa watoto wanaopanda basi

Nakala kwa:
Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa EPA;
Idara ya elimu ya jimbo;
Tume ya jimbo inayosimamia kampuni za umeme;
Chama cha madereva na mafundi wa mabasi ya wilaya.